Safari ya mvinyo mwekundu Australia Kusini: kutoka Magill hadi Coonawarra

Jumatatu, Magill

Kutoka katikati ya jiji la Adelaide hadi Magill ni kama dakika 20 kwa gari, na njia nzima ni nyumba za watu, shule na maduka. Mara unaona mizabibu. Ni shamba la hekta tano na ushei, limelala kwenye mteremko wa vilima na kuzungukwa na makazi. Hapa ndipo Daktari Christopher Rawson Penfold na mkewe Mary walipoweka makazi mwaka 1844 wakitokea Uingereza. Daktari alikuwa akiwapa wagonjwa wake mvinyo wa kutia nguvu, hasa waliopungukiwa damu. Aliyesimamia shamba, mapipa na hesabu ni Mary, na mumewe alipofariki mwaka 1870 aliendelea kuiongoza kazi hiyo. Kinyumba chao cha mawe kingalipo. Walikiita The Grange, kwa jina la nyumba ya akina Mary huko Uingereza, na jina hilo sasa liko kwenye chupa ya mvinyo mwekundu maarufu kuliko zote Australia.

Nimekuja kwa sababu ya kazi. Ninatengeneza mvinyo Dodoma, kwenye kiwanda kidogo, na miaka yote nimewasikia wenzangu wakisema kwamba mvinyo bora hutoka kwa mkulima mwenye shamba lake moja, kampuni kubwa kazi yake ni kujaza chupa. Penfolds, iliyozaliwa na shamba hili, ni kampuni kubwa. Imo ndani ya kampuni mama, Treasury Wine Estates, inanunua zabibu kwa wakulima wengi na inauza duniani kote. Nilitaka kuonja chupa zake za juu hukohuko zinakotoka, nione ukubwa huo unaingia wapi kwenye glasi.

Usukani ni wa shemeji, mdogo wake mume wangu, anayeishi Adelaide kwa miaka mingi. Yeye hanywi kileo kabisa. Lakini ni mpishi, na pua yake naiamini kuliko yangu.

Msimu ni wa mavuno, kwa hiyo harufu ya zabibu zinazochachuka inakupokea tangu mlangoni. Tulionyeshwa matangi ya wazi, ambamo mbao hupangwa juu ya juisi ili maganda yasielee, yabaki chini yakitoa rangi na ukakasi. Mvinyo wa Grange haumalizi kuchachuka humo. Hutolewa ungali na sukari kidogo, ukaenda kumalizia ndani ya mapipa mapya ya mwaloni wa Marekani ya lita 300. Sisi nyumbani tumezoea kusubiri uchachukaji uishe ndipo tufikirie pipa. Hapa pipa ni sehemu ya uchachukaji, ndiyo maana harufu ya mwaloni haisimami kando ya tunda, imeshikana nalo.

Aliyebuni mtindo huo ni Max Schubert. Aliingia kwenye kampuni mwaka 1931 akiwa kijana wa kutumwatumwa kule Nuriootpa, Barossa, na kufikia 1948 alikuwa mtengenezaji mkuu. Mwaka 1950 alipelekwa Ulaya kujifunza sherry, mvinyo wa Hispania wa kuongezwa spiriti. Katika safari hiyo akapitia Bordeaux, Ufaransa, akaonjeshwa mivinyo ya miaka 40 na 50 ambayo ilikuwa bado hai. Wakati ule Australia ilikuwa nchi ya mvinyo mtamu wa kuongezwa spiriti, na mvinyo mwekundu mkavu, usio na utamu, ulinywewa ukiwa mchanga. Schubert alirudi na azma ya kutengeneza mwekundu utakaodumu miaka 20 na zaidi. Cabernet, aina ya zabibu ya Bordeaux, ilikuwa adimu kwao, akachukua aina nyingine, Shiraz, iliyokuwa tele. Zabibu za mwaka wa kwanza, 1951, zilitoka hapa Magill na kwenye shamba moja la kusini, Morphett Vale.

Wakuu wa kampuni walipoionja Sydney katikati ya miaka ya 1950 hawakuitaka. Mmoja aliifananisha na matunda ya porini yaliyochanganywa na sisimizi waliopondwa. Mwaka 1957 Schubert akapewa amri kwa maandishi: acha. Hakuacha. Alitengeneza Grange ya 1957, 1958 na 1959 kimyakimya, bila fedha za mapipa mapya, huku wakubwa wa Sydney wakiamini mradi umekufa. Zile chupa za mwanzo zilipokomaa na kuonjwa tena, walewale waliokataa walimruhusu aendelee mwaka 1960. Ile ya 1955 ikaja kuzoa medali za dhahabu.

Kisa hiki nilikuwa nakijua. Kukisikia humu ndani ya ghala, kwenye giza hili na ubaridi huu, kumenigusa kwa namna nyingine. Mtu aliona mvinyo ambao haujakuwepo bado, akaulinda mpaka ulipofika umri wa kujitetea wenyewe.

Kuonja sasa. Tulianza na Magill Estate Shiraz, ya shamba hili hili la mlimani, inayotengenezwa tangu 1983. Ni mvinyo wa heshima, mwembamba kidogo kuliko nilivyotarajia, wenye zambarau, pilipili manga na uchachu unaokuamsha. Ikafuata St Henri. Huu ni kinyume cha Grange, na aliyeufufua ni John Davoren, mwenzake Schubert, katika miaka hiyohiyo ya 1950. Hakuna pipa jipya. Unakaa kwenye mapipa makubwa, makuukuu, ya lita 1,460, ambayo mwaloni wake umeshaacha kutoa ladha. Unachokipata ni Shiraz yenyewe, bila kiungo. Kama mtu anataka kujua pipa jipya linafanya nini, aweke glasi hizi mbili pamoja.

Halafu Grange. Bei ya chupa ya toleo jipya ni karibu dola 1,000 za Australia, na kipimo cha kuonja kilikuwa kidogo sana, kwa hiyo sikuharakisha. Rangi ni zambarau inayoelekea weusi. Nilimpa shemeji kwanza. Alinusa, akafumba macho, akanusa tena.

"Shemeji, hii ni kashata ya nazi," alisema. "Na kwa mbali kuna kitu kikali, kama rangi ya kucha."

Vyote viwili ni kweli. Nazi na vanila ni mwaloni wa Marekani. Ule ukali wa mbali ni asidi inayoruka, ya jamii ya siki, ambayo ikizidi huharibu mvinyo, lakini kwa Grange kiasi chake ni sehemu ya tabia yake tangu enzi za Schubert. Inainua harufu nyingine zote. Mdomoni unajaa kila kona: zambarau zilizoiva sana, kakao, nyama iliyopitishwa kwenye moshi, pilipili manga. Ukakasi ni mwingi lakini hauparuzi. Nilitema kwenye ndoo kama inavyopasa, na tulipofika kwenye gari ladha ilikuwa bado ipo.

Jumanne, Barossa

Bonde la Barossa liko kama saa moja kaskazini mashariki ya Adelaide. Kabla ya mashamba unakutana na mabango yanayokukataza kuingia na mmea wowote wa mzabibu wala kukanyaga shambani ovyo. Sababu ni phylloxera, mdudu mdogo anayekula mizizi. Uliua sehemu kubwa ya mizabibu ya Ulaya karne ya 19, na mwaka 1877 uligunduliwa Geelong, jimbo la Victoria. Australia Kusini haujafika mpaka leo. Kwa hiyo hapa bado kuna mizabibu iliyosimama kwenye mizizi yake yenyewe tangu miaka ya 1840, iliyopandwa na walowezi Wajerumani wa Silesia walioanza kuingia bondeni mwaka 1842.

Nimesimama mbele ya mizabibu ya aina hiyo. Mashina ni mazito, yamejipinda, yana mashimo unayoweza kuingiza ngumi, na juu yake kuna vichala vichache vidogo vyeusi. Mti kama huo hauwezi kukulisha kwa kilo. Wakulima wa hapa wana mkataba wao wa mizabibu mizee, ulioanza 2009, unaoipanga kwa umri: miaka 35 na zaidi, 70, 100, hadi 125. Na bado ilikaribia kutoweka. Katikati ya miaka ya 1980 soko la mvinyo mwekundu liliporomoka na serikali ya jimbo iliwalipa wakulima wang'oe mizabibu. Shiraz nyingi ya zamani iling'olewa kwa fedha za umma. Waliobakiza leo wanatafutwa na kila kampuni.

Penfolds walinunua shamba la Kalimna, kaskazini mwa bonde, mwaka 1945. Ndani yake kuna kipande kiitwacho Block 42, chenye Cabernet Sauvignon iliyopandwa miaka ya 1880, ambayo inahesabiwa kuwa miongoni mwa Cabernet kongwe zaidi duniani zinazozaa bado.

Kwenye chumba chao cha kuonjea Nuriootpa nilichagua mbili za kulinganisha. Bin 28 (mivinyo yao mingi huitwa Bin na namba) ilianza 1959 ikiwa ya Kalimna tu. Sasa ni Shiraz ya kutoka sehemu kadhaa zenye joto, iliyokaa kwenye mapipa ya Marekani yaliyokwisha kutumika. Ni mvinyo mnene, mkarimu, unaoeleweka kwa funda la kwanza. Bin 798, ambayo wengi huijua kwa herufi RWT, ilitolewa kwa mara ya kwanza kwa zabibu za 1997: Barossa peke yake, na mwaloni wa Ufaransa. Hapa nazi imepotea, pamekuja harufu ya maua, karafuu na moshi mwembamba. Shemeji aliinusa akasema hii angeipikia. Ninaiona RWT kama jibu la kampuni kwa watu wanaoipenda Barossa ibaki Barossa, na ni jibu zuri sana. Ila mwisho wake una joto la kilevi ambalo Grange, kwa nguvu zake zote, haikuwa nalo.

Jioni tulizungumza na mkulima mmoja mzee anayewauzia zabibu. Mashine zilikuwa zikijiandaa kuvuna usiku, kwa sababu zabibu zilizochumwa kwenye ubaridi hufika kiwandani zikiwa bado imara. Alisema kilo sicho kitu kinachomnyima usingizi, daraja ndilo. Baada ya mavuno watengenezaji huonja kila fungu bila kujua limetoka kwa nani, na kulipangia mahali: hili Grange, hili Bin 389, mchanganyiko wao wa Cabernet na Shiraz, hili chini zaidi. Bei hufuata daraja. Alizungumzia pia ushuru wa China, uliowekwa mwishoni mwa 2020 na kuondolewa Machi 2024, na zabibu ambazo baadhi ya majirani zake waliziacha zikakaukia mtini.

Nilifikiria sana habari ya daraja. Kwetu Hombolo mkulima analipwa kwa kilo, na anayepunguza vichala ili vilivyobaki viwe bora anapata hasara. Nyumba ya kampuni kubwa yenye ngazi nyingi, kutoka chupa ya bei ndogo hadi Grange, ina mahali pa kuweka kila fungu, kwa hiyo ina uwezo wa kuchagua bila huruma pale juu. Mwenye shamba moja akipata mwaka mbaya hana pa kukimbilia. Bin 707, Cabernet yao kuu, haikutengenezwa kabisa mwaka 2011 kwa sababu zabibu hazikufikia.

Jumatano, kusini mwa jiji

Siku fupi. Tulipita Morphett Vale, ambako zilitoka zabibu nyingine za 1951. Sasa ni kitongoji cha Adelaide, nyumba tupu, lami na maduka. Hata pale Magill sehemu kubwa ya mizabibu iliuzwa ikajengwa nyumba mwanzoni mwa miaka ya 1980. Tuliendelea hadi McLaren Vale, karibu na bahari, ambako Shiraz ina ulaini na uchokoleti unaoujua hata ukiwa na mafua. Nilionja mbili tatu tukarudi mapema, maana kesho ni barabara ndefu.

Alhamisi, njiani

Kilomita karibu 380 kuelekea kusini mashariki. Tulivuka mto Murray, tukaingia tambarare ya mashamba ya ngano na kondoo isiyokwisha. Kadiri tunavyoshuka kusini hewa inapoa. Tulilala Penola, mji mdogo ambako Mary MacKillop na Padre Julian Tenison Woods walifungua shule mwaka 1866. Mary alitangazwa mtakatifu mwaka 2010, wa kwanza kwa Australia. Shemeji alipika wali na samaki kwenye jiko la nyumba ya kupanga, na kwa mara ya kwanza tangu nifike nikalala bila ladha ya mwaloni mdomoni.

Ijumaa, Coonawarra

Coonawarra ni ukanda wa udongo mwekundu wenye urefu wa kama kilomita 15 na upana usiofika hata mbili mahali pengi. Chini ya udongo huo kuna chokaa, na chini ya chokaa kuna maji. Ukitoka nje ya ukanda, udongo unageuka mweusi na mzito, na watu wanafuga. Mpaka unauona kwa macho. John Riddoch alianza kugawa mashamba ya mizabibu hapa mwaka 1890, na jengo lake la mawe lenye mapaa matatu limo kwenye lebo ya Wynns, jina ambalo lilikuja pale familia ya Wynn ilipolinunua mwaka 1951. Wynns nao sasa wamo ndani ya Treasury. Black Label yao, Cabernet iliyoanza na zabibu za 1954, ni chupa ya bei ya kawaida inayozeeka vizuri kupita zile za bei mara tatu yake, na ningependa wanaoagiza mvinyo Afrika Mashariki waijue zaidi.

Lakini nilikuwa na hesabu yangu ya Penfolds ya kumaliza. Bin 128, Shiraz ya Coonawarra tangu 1962, iko mbali na Barossa kwa kila kitu: mwili mdogo, pilipili manga nyingi, uchachu uliosimama wima. Bin 169 ni Cabernet ya ukanda huu, iliyotolewa kwanza kwa zabibu za 2008, kwenye mwaloni wa Ufaransa. Shemeji alisogeza pua tu akacheka. "Mikaratusi! Tunajifukizia mafua."

Ni mikaratusi kweli. Mafuta ya majani yake huchukuliwa na upepo yakatua kwenye maganda ya zabibu zilizo karibu na miti, na yanapatikana ndani ya mvinyo. Nyuma yake kuna zabibu kavu nyeusi, jani la tumbaku, penseli iliyochongwa. Mvinyo mzuri, mnyoofu, wa kuuheshimu. Ila katikati ya ulimi pana nafasi. Tunda linaingia mbele, ukakasi unafunga nyuma, na hapo kati pamekonda. Ndiyo hulka ya Cabernet mahali pengi, na ndiyo maana Waaustralia tangu zamani wameizoea kuichanganya na Shiraz, ambayo unono wake upo palepale katikati.

Sasa naelewa glasi ya Bin 389 niliyoionja Jumatano jioni. Ilianza 1960, kazi ya Schubert, Cabernet na Shiraz za kutoka sehemu mbalimbali za Australia Kusini, na sehemu ya mvinyo huo hukaa kwenye mapipa yaliyotoka kubeba Grange. Wenyeji huiita Grange ndogo.

Jumamosi, Adelaide

Tulirudi jana usiku. Chupa ya 389 niliyoifungua Jumatano jioni na kuifunga tena ilikuwa imetusubiri jikoni, nusu yake bado imo. Nilimimina ya siku hizo tatu, nikafungua nyingine mpya ya mwaka huohuo, nikaweka glasi mbili mezani.

Ile mpya ilikuwa imejikunja: mwaloni mbele, ukakasi mbichi. Ile ya zamani ilikuwa imefunguka, na kwa kuwa nilikuwa nimetoka kuonja sehemu zake zote, nilizitambua. Uchachu na jani la tumbaku ni kusini. Unono wa katikati ni Barossa. Ule uchokoleti wa ukingoni, nisingeshangaa kama ni McLaren Vale. Hakuna hata moja inayozidi nyingine, na hakuna shamba moja nililopita wiki hii lingeweza kuutoa mvinyo huu peke yake. Ili uupate unahitaji mashamba mengi yenye hali ya hewa tofauti, wakulima wanaolipwa kwa ubora, watu wa kuonja mamia ya mafungu bila upendeleo, na mahali pa kupeleka yale yaliyokataliwa. Huo ndio ukubwa niliokuja kuutafuta. Peter Gago, mtengenezaji mkuu tangu 2002, ameusogeza mbele zaidi kwa g3, iliyochanganya Grange za 2008, 2012 na 2014, chupa 1,200 tu. Hapo wanachanganya hata miaka.

Mimi nitabaki kupenda mvinyo wa shamba moja, na St Henri imenifundisha mengi kuliko Grange. Lakini nikirudi Dodoma sitakubali tena mtu aniambie kuchanganya ni kuficha. Zabibu za Hombolo na za Bihawana tunazivuna, tunazitia tangi moja, hatujui kila moja imeleta nini. Mavuno yajayo nitazichachusha mbalimbali na kuzionja kabla ya kuzikutanisha.

Kwa atakayetaka kuanza na mivinyo hii na fedha ni kidogo: Bin 28 ndiyo mlango. Ukiweza kupanda, nunua 389, uilaze mahali pa baridi na giza, na kama huwezi kungoja miaka kumi, basi ifungue asubuhi kwa ajili ya jioni. Chupa iliyozeeka isimamishe siku nzima ili mashapo yashuke, kisha imimine polepole kwenye jagi. Na tafadhali, usiinywe kwa joto la sebuleni Dar es Salaam. Nyuzi 16 hadi 18 ndizo zake, kwa hiyo itie kwenye friji nusu saa hivi kabla ya kumimina. Ikiwa na joto la nyuzi 30 hata Grange itakuonyesha kilevi tu.